Kipande cha Askari Devane

Mwizi aliyefungua kabati la Bwana Jaifar bin Muhanna, kule Bustan, alichukua kipande kimoja akaacha sita. Jambo hilo ndilo lililomfanya Jawaher bint Harub aweke chini kikombe cha kahawa na kuomba aoneshwe kabati kabla hajamuuliza mtu yeyote swali lolote.

Jawaher alikuwa mama wa makamo, mwembamba, aliyefanya kazi ya upelelezi polisi mpaka akastaafu, na sasa akiifanya kazi hiyohiyo kwa watu binafsi kutoka nyumbani kwake Mabela. Aliyemwita asubuhi ile alikuwa Hatem, mtoto wa Jaifar. Baba mtu hakupenda. Jawaher alilijua hilo tangu mlangoni, kwani Jaifar alimkaribisha kwa maneno yote ya adabu, lakini hakumuuliza habari za watu wake.

Hatem alimweleza mambo yalivyokuwa. Babu yake, marehemu Mzee Muhanna, alikwenda vita vya Burma kutoka Unguja akiwa dereva wa jeshi la Afrika ya Mashariki, akawa anabeba majeruhi wa kikosi kimoja cha askari wa miguu wa Kiayalandi. Alirudi na vipande saba vya askari hao, vile vya utambulisho ambavyo askari huvaa shingoni. Akavitia katika kopo la halua, akahama nalo kuja Maskati, na mpaka anakufa hakuwahi kulitaja. Hatem alilikuta mwaka huu walipokuwa wakibomoa ukuta wa nyumba yao ya zamani ya Sidab. Akavipiga picha vipande vile, akaiweka picha mtandaoni, na haukupita muda akaandikiwa na Bi Orla Devane, mwalimu wa Ayalandi, ambaye yeye na wenzake hukutana kila mwaka kuwakumbuka askari wa kikosi kile. Majina sita ni ya watu wasiojulikana walikozikwa. La saba ni la kaka wa bibi yake Orla mwenyewe. Orla alikuwa ameshafika Maskati, na kesho yake asubuhi majlisi ya Jaifar ilikuwa ipokee wageni, majina yasomwe, vipande vikabidhiwe.

"Na kilichopotea ni kipi?" Jawaher aliuliza, ingawa alishaanza kukisia.

"Cha Devane. Jana asubuhi kilikuwepo."

Kabati, pale majlisini, lilikuwa la vioo, kufuli lake zima, halina mkwaruzo. Funguo zilikuwa mbili. Moja ilikaa mfukoni mwa Jaifar, nyingine ilining'inia kwenye msumari jikoni. Vipande sita vilivyobaki vilikuwa viduara vyekundu vya ukubwa wa biskuti ndogo, vya kitu kigumu mfano wa gamba la kitabu, kila kimoja kimegongwa jina la askari, namba yake na dini yake. Vilikuwa vimefura na kubabuka kwa unyevu, na nyuzi zake zimeoza hata ukizigusa zinamong'onyoka. Hakuna sonara ambaye angevitazama mara mbili.

Jaifar alisema kwamba mwizi ameshajulikana. Ufunguo wa jikoni uko mkononi mwa mtumishi, na mtumishi ni Mwanahawa, mwanamke wa Tanga. Alishalipekua begi la Mwanahawa kwa mkono wake asikute kitu, na kwa Jaifar kutokukuta kitu kulimaanisha kwamba amekificha vizuri. Tiketi ya kumrudisha kwao ilikuwa ya jioni ileile.

Jawaher alimkuta Mwanahawa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, begi limefungwa miguuni, macho makavu ya mtu aliyemaliza kulia. Alijibu kila alichoulizwa bila kuongeza. Kabati alikuwa akilifuta vumbi kwa nje. Vitu vilivyokuwemo hakujua ni nini, alidhani ni vifungo vya koti la zamani. Jawaher alimuuliza ni nani aliyemwona peke yake majlisi jana, na hapo Mwanahawa akasita.

"Nikisema, mama, watasema namsingizia mgeni."

"Sema. Kama ni kusingizia, kujua ni kazi yangu."

Akasema kwamba baada ya chakula cha mchana alipita na sinia la vikombe, akamwona yule mzungu amesimama mbele ya picha ya marehemu ukutani, anaipiga picha kwa simu. Alipiga ya uso wote, kisha ya jicho, kisha ya sikio, na kila akipiga hutazama nyuma kwanza.

Jawaher aliiendea ile picha. Mzee Muhanna alikuwa amevaa kilemba cha rangi ya zambarau, amekaa wima, shavu la kushoto limekunjana kwa kovu la moto lililopanda mpaka kwenye nyusi. Macho yake yalikuwa mepesi, karibu na rangi ya majivu. Hatem alieleza kwamba nyumbani wakisema babu wa marehemu, mzaa baba, alioa Msherkasi, mwanamke mweupe wa milima ya Kaukasi, na ndiko yalikotoka macho yale.

Orla Devane alikuwa upande wa pili wa majlisi akipanga picha za askari wake kwenye ubao: vijana wenye kofia zilizolala upande, wamechuchumaa kando ya mto wa matope, wengine wanacheka. Alikuwa mwanamke wa umri wa Jawaher, nywele za mvi zimekatwa fupi, na Kiingereza chake kilikwenda mbio. Alisema ile picha ya ukutani aliipiga kwa ajili ya kumbukumbu. Jawaher akamuuliza ni kumbukumbu ya namna gani inayotaka jicho peke yake na sikio peke yake. Orla akaacha kupanga.

Alichosema baadaye alikisema polepole. Bibi yake, dada wa askari Devane, aliletewa habari ya kifo cha kaka yake mwaka wa arubaini na nne. Vita vilipokwisha walipata na kaburi, kwani waliochimbua maiti kando ya njia kule Burma walimkuta na kipande chake shingoni, wakamzika upya na kumwekea jiwe lenye jina lake. Lakini tangu miaka ya hamsini, mara kwa mara, bibi yake alikuwa akipokea kifurushi kidogo cha karafuu chenye stempu za Unguja, bila jina la mpelekaji. Siku moja vikaacha kuja. Hatem alipomwandikia kwamba babu yake alitoka Unguja, Orla alijua amempata.

"Umempata nani?" Jawaher aliuliza.

"Mtu anayepeleka zawadi miaka yote bila jina ana kitu anachoomba asamehewe," Orla alisema. "Nimekuja kutazama uso wa aliyemuua, kila sehemu yake, nisiusahau."

Kwa hiyo Orla alikuwa na chuki na alikuwa na nafasi. Hata hivyo Jawaher hakuona kwa nini Orla awe na haja ya kuiba. Kipande kile kingekuwa chake kesho yake, mbele ya watu, kwa heshima. Aliomba atumiwe picha ambayo Hatem aliiweka mtandaoni, akachukua gari mpaka soko la Matrah.

Huko alikuwepo Wael, muuza vitu vya kale, ambaye jina lake Hatem alikuwa amelitaja kama mtu wa pili wa kushukiwa. Picha ilipotoka tu mtandaoni, Wael alimpigia Hatem akitaka kununua kopo zima. Hakuficha. Alimkaribisha Jawaher kiti baina ya masanduku ya shaba na majambia, akasema kweli alivitaka vipande, na bado anavitaka, lakini vyote saba pamoja na hadithi yake. Kimoja hakina hadithi. Jana mchana kutwa alikuwa Nizwa kwenye mazishi ya mjomba wake, na akampa namba za watu ambao Jawaher aliwapigia palepale, nao wakathibitisha.

Jawaher akamwonesha picha kwenye simu na kumuuliza anaona nini. Wael akaikuza kwa vidole, akasogea kwenye mwanga wa mlango.

Alieleza kwamba askari wa jeshi la Kiingereza wa zama zile walivaa vipande viwili katika uzi mmoja, cha kijani na chekundu. Mtu akifa, chekundu hutolewa kwenda kutoa habari, na cha kijani huachwa na maiti ili siku ya kuzikwa vizuri ajulikane ni nani. Kwa hiyo vyekundu saba ni vya watu saba waliokufa, na aliyevitoa alijua kazi yake.

"Lakini hiki, ukhti, hakikutolewa kwa maiti," alisema, na kidole chake kilikuwa juu ya kipande cha Devane. "Kitazame. Hivi vingine vimeoza koponi. Hiki kimelika. Kingo zake laini, herufi zimefifia, jina linasomeka kwa taabu. Hiki kimesuguana na ngozi ya mtu miaka na miaka. Halafu utazame uzi wake."

Uzi wa vile sita ulikuwa wa pamba, mweusi kwa kuoza. Wa kile cha saba ulikuwa wa nailoni ya kijani, ile inayouzwa hapo hapo sokoni.

Jawaher alirudi Bustan bila kuwasha redio. Ikiwa cha kijani kilikutwa na maiti kando ya njia, na chekundu kilivaliwa na mtu aliyeishi mpaka nailoni hii ikafika madukani Maskati, basi mwenye kipande na mwenye kaburi walikuwa watu wawili. Na ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu aliyeliona jambo hilo kabla yake. Hakuwa Hatem, aliyekitangaza kipande ulimwenguni. Jaifar naye asingekubali wageni waje kama angelijua. Alimpigia Hatem akiwa bado njiani, akamuuliza jina la Devane lilitajwa lini nyumbani kwa mara ya kwanza.

Jana, Hatem alisema, kwenye chakula cha mchana, mgeni alipojitambulisha. Kabla ya hapo walikuwa wakisema tu "mgeni wa Ayalandi." Jawaher akauliza nani walikuwepo mezani. Alikuwepo yeye Hatem, babake, na shangazi yake Bi Nasriya. Shangazi hakumaliza chakula. Alisema kichwa kinamuuma, akapanda chumbani kwake.

Bi Nasriya bint Muhanna alikuwa dada mkubwa wa Jaifar, mjane, mwanamke aliyezaliwa Unguja na bado akiongea kana kwamba hakuwahi kutoka. Alimpokea Jawaher chumbani, akamwita mwanangu, akamtaka radhi kwa udhia wa nyumba, akachukua dele amtilie kahawa. Alipoinama, mtandio ukateleza begani, na Jawaher akauona uzi wa kijani.

"Bi Nasriya, umevaa nini shingoni?"

Bi Nasriya alimaliza kutia, akaliweka dele mahali pake.

"Hirizi ya marehemu baba."

"Naomba niione."

"Huna haki hiyo, mwanangu."

"Sina. Lakini chini jikoni yupo mtoto wa watu anayeondolewa jioni hii kwa wizi, na akifika kwao ataulizwa aliiba nini."

Bi Nasriya akauvuta ule uzi kutoka kifuani, akaushika mkononi bila kuuvua.

"Nlidhani kaka atamgombeza tu, yaishe," alisema. "Sikujua kama kashakata tiketi. Nlipojua, kinywa kikawa kizito."

Jawaher akauliza kwa nini kipande cha askari kiwe hirizi ya baba.

"Baba yetu siye si Muhanna," Bi Nasriya akasema. "Muhanna kalala Burma."

Aliyobaki aliyasema kwa sauti ndogo, mara akirudi nyuma, mara akiruka mbele. Babake alimwambia siku za mwisho za ugonjwa wake, kule Sidab, yeye peke yake. Gari la majeruhi lilipigwa bomu njiani. Waayalandi wote waliokuwemo walikufa ila mmoja, na huyo mmoja, uso unawaka, dereva Muhanna alimvuta motoni. Kisha risasi ikampata Muhanna mwenyewe. Devane aliwavua wenzake vipande vyekundu kama alivyofundishwa, akamchimbia Muhanna kaburi kwa mikono na kisu, na alipokuwa akimfukia ndipo wazo lilipomjia. Hakukuwa na mtu hai wa kikosi chake mahali pale. Vita vilikuwa vimemshinda. Akamvalisha Muhanna kile kipande cha kijani, akachukua kitambulisho na koti la dereva, na Waafrika wenzake Muhanna wa kambi nyingine walipomwokota, kichwa kizima kimefungwa bendeji, walimpeleka hospitali yao. Kiswahili kidogo alishakipata kwa Muhanna. Kilichopungua watu walisema ni kuungua na kuchanganyikiwa.

Alishuka Unguja akitaka tu kumwona mama wa yule kijana, amwambie, kisha aende zake kokote. Mama huyo alikuwa Bi Khole, mjane wa mtoto mmoja. Devane aligonga, akaingia, akaanza kusema, na Bi Khole akamzuia. Akamkalisha, akamkanda uso kwa mafuta, na majirani walipokuja akawaambia mwanawe karudi. Muhanna aliondoka hajaota ndevu, akarudi mtu mzima mwenye nusu ya uso. Kila mtu aliona kile ambacho Bi Khole alisema anakiona. Devane akasilimu mbele ya Bi Khole, akajifunza sala kwake, akaoa kwa mkono wake.

"Bi Khole alijua si mwanawe?" Jawaher aliuliza.

"Mama hamkosei mwanawe. Alijua toka mlangoni. Alitaka mtu wa kumwita."

Jawaher alikunywa kahawa iliyokwishapoa. Miaka yote aliyofanya kazi hii alikuwa akijiuliza swali moja kila aliposikiliza ushahidi wa mtu aliyefaidika, na alimuuliza Bi Nasriya bila kulipamba. Ni nani mwingine aliyeona jinsi Muhanna alivyokufa? Aliyehadithia ni yuleyule aliyechukua jina lake, koti lake na mamake.

Bi Nasriya hakukasirika.

"Na mie nlimshuku," alisema. "Nlimuuliza usoni, baba, wewe ulimuua? Akalia. Akasema maneno mengi kwa lugha ambayo sijapata kumsikia akiisema, si Kiingereza, nakijua Kiingereza kikoje. Halafu akavua hiki akanipa, akasema kikatiwe pamoja na vya wenzake. Nkakitia. Nkalifukia kopo ukutani Sidab, sikujua kama Hatem ataubomoa ukuta. Jana mgeni alipotaja jina lake, nkaogopa atakitambua na siri itoke, nkakichukua."

Hilo haliwezi kuthibitishwa, Jawaher alijiambia, wala kukanushwa. Lililoweza kuthibitishwa lilikuwa chini jikoni.

Waliteremka pamoja. Bi Nasriya alimwita kaka yake mbele ya Mwanahawa na kusema kwamba aliyechukua, kwa ufunguo wa jikoni, ni yeye. Jaifar aliuliza kwa nini, akajibiwa pale pale jikoni, kwa sentensi chache. Jawaher alimtazama uso. Alitaka kujua kama kweli hakujua kitu, na akaridhika, kwa sababu Jaifar aliangalia mikono yake mwenyewe, nyuma na mbele, kama mtu aliyepewa ya kuazima. Kisha akasema kesho hakutakuwa na wageni. Kuna posa ya Hatem kwa watu wanaouliza nasaba mpaka babu wa saba, kuna jina la kabila kwenye kila karatasi ya nyumba hii, na mambo haya yafe hapa. Dada yake alimjibu kwamba waliokufa kwa ajili ya mambo haya wanatosha.

Mwanahawa alitakwa radhi na kuombwa abaki. Alisema amesamehe, lakini tiketi ataitumia. Hatem ndiye aliyemchukulia begi mpaka garini.

Orla aliambiwa alasiri ile majlisini. Bi Nasriya alisema kwa Kiswahili na Hatem akafasiri. Orla alisikiliza akiwa amesimama. Ilipofika habari ya dereva aliyemvuta mwenzake motoni, akakaa. Baadaye alichukua kutoka ubaoni picha ya kaburi, jiwe jeupe lenye msalaba na jina la Devane, maua mekundu ya karatasi yameegemezwa chini yake. Yale maua aliyaweka yeye mwenyewe, alisema, na aliomba dua kwa jina la mtu ambaye wakati huo alikuwa kazikwa mwendo mfupi kutoka hapa. Bi Nasriya aliipokea picha kwa mikono miwili. Alimwambia Hatem amuulize mgeni kama aliyelala pale kuna mtu aliyewahi kumsomea Fatiha.

Asubuhi wageni walikuja, kwani Bi Nasriya alikataa wazuiwe. Orla aliyasoma majina sita, taratibu, na baada ya kila jina alikaa kimya kidogo. La saba hakulisoma. Alimtazama Bi Nasriya, naye akasema kwa sauti iliyosikika mpaka ukumbini: Muhanna, mtoto wa Bi Khole, dereva, kazikwa Burma. Wageni wengi hawakuelewa. Wazee wawili watatu walitazamana. Wote waliinua mikono wakasoma Fatiha, na Orla akainamisha kichwa mpaka ilipokwisha.

Jaifar hakuwepo. Jawaher alihesabu hilo kuwa ndiyo jibu lake, na alikuwa akivaa viatu mlangoni atoke, gari la Jaifar lilipoingia uani. Alikuwa amevaa kanzu na kilemba vya sherehe, kama aliyejitayarisha tangu alfajiri kisha akazunguka barabarani. Alipita katikati ya wageni bila kumpa mtu mkono, akasimama mbele ya Orla.

"Kwenye kipande imeandikwa herufi moja tu kabla ya Devane," alimwambia kwa Kiingereza. "C. Ilikuwa C ya nini?"

"Cornelius," Orla alisema. "Nyumbani walimwita Con."

Jaifar alilijaribu jina la Cornelius mdomoni, likamshinda. Orla akamtamkia tena polepole. Alilijaribu tena, na tena, mbele ya watu wote, mpaka likatoka sawasawa.